Maneno ya Bibi Niliyoyageuza

Mwanangu Kemilembe,

Sitakuuliza hali, maana asubuhi hii nimekuona ukinywa uji vikombe viwili na kumfokea paka. Wala sitaandika habari za blanketi, za sanduku, wala za kuangalia mkoba wako ndani ya basi. Mama yako ameyasema hayo tangu wiki jana na atayasema tena kesho alfajiri pale barabarani. Mmekwenda Bugomora kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatawaachia kabla hamjala mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima peke yangu. Nimekaa kwenye meza ya sebuleni, nimefunga mlango wa mbele ili jirani asiniletee soga, na nimeshachana karatasi mbili.

Nataka kukuambia kilichotokea Jumapili.

Ulikuwepo, unajua watu walichokiona. Ulisimama mbele ya kanisa kutoa shukrani zako kabla ya safari, ukasema kwa Kiswahili chako kizuri, na mimi nikasimama pembeni yako kuwatafsiria wazee wa benchi za mbele kwa Kinyambo. Uliwashukuru walimu wako, nikatafsiri. Ukamshukuru mama yako, nikatafsiri na kutia chumvi kidogo kuhusu upishi wake, wakacheka. Halafu ukasema: "Na zaidi ya wote namshukuru marehemu bibi yangu. Mara ya mwisho kuniona aliniambia nisome kwa bidii. Neno hilo ndilo limenifikisha hapa." Ukanigeukia, ukasubiri.

Nikafungua mdomo, nikasema: "Na zaidi ya wote namshukuru marehemu bibi yangu." Kwa Kiswahili! Nilirudia maneno yako vile vile, kama mtoto wa chekechea. Mzee Rwegoshora akaguna kule mbele, akasema, "Hayo tumeyasikia, mwinjilisti. Tupe ya kwetu." Kanisa likacheka. Nikajaribu tena, kikatoka Kiswahili kile kile. Mara ya tatu hakikutoka kitu chochote. Mwishowe mama mmoja wa kwaya akasimama akawamalizia wazee, na wewe ukaniwekea mkono begani. Watu wakasema ni uchungu wa mzazi. Mama yako akanipa leso, nikaipokea na kujifuta macho ambayo yalikuwa makavu kabisa.

Haukuwa uchungu wa mzazi, mwanangu. Bibi yako hakukuambia usome kwa bidii. Maneno hayo niliyatunga mimi, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, na Jumapili yalinikwama kwa sababu nilikuwa natakiwa kuyasema kwa lugha yake mwenyewe, mbele ya watu waliozeeka pamoja naye.

Nitakuambia alichosema. Kalamu inakwepa kufika huko, lakini leo itafika tu. Kwanza nieleze ilivyokuwa hata bibi na mjukuu wanaoishi uwanja mmoja wakahitaji mkalimani, kwa sababu hilo nalo nimelifanya mimi.

Unajua nimetafsiri hapa Kibingo tangu kabla hujazaliwa. Akija mchungaji mgeni, wananiita. Wakija maofisa wa kilimo kutufundisha habari ya mnyauko wa migomba, wananiita, na nikishamaliza wananiuliza mimi maswali badala ya kumuuliza ofisa. Nimejivuna sana kwa kazi hiyo. Watu wanadhani ugumu wake ni kuyapata maneno. Maneno yapo tu, yanasukumana. Kinachochosha ni kuizuia ile lugha nyingine isitoke. Wakati wote unaposema hii, ile iko nyuma ya meno inataka kupita, na unaishikilia mlango. Ukichoka, inapita. Ukiishikilia kwa nguvu siku nzima, jioni unaiita na haiji mara moja, imenuna. Siku moja nilitoka kwenye mkutano wa dayosisi wa siku nzima, Kiswahili kitupu asubuhi mpaka jioni, nikafika nyumbani nikamwamkia mama yangu mzazi, "Shikamoo." Aliniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kwa Kinyambo amekuwa mkuu wa wilaya lini, mbona hakuambiwa.

Nilicheka sana siku ile. Kwa Kinyambo mimi ni mtu wa kucheka. Hilo hulijui, na hapo ndipo ninapoanza kuona aibu. Waulize watu niliokua nao wakuambie. Kwa Kinyambo natania, naimba, nawaigiza watu wanavyotembea, nilimtongoza mama yako kwa utani mpaka akaniambia nimeshinda, ninyamaze. Kwa Kiswahili mimi ni mtu wa matangazo. Kiswahili changu nilikipata darasani na mikutanoni, na kina maneno ya darasani na ya mikutanoni: zingatia, tekeleza, ni marufuku, kuanzia sasa. Nikaamua kukulea wewe kwa lugha hiyo. Ulikua ukiishi na mwenyekiti wa kikao, na yule baba mwingine akawa anatoka nje kwenda kucheka na majirani.

Kwa nini niliamua hivyo? Nilipokuwa shule ya msingi, aliyekamatwa akisema Kinyambo alivalishwa kipande cha ubao shingoni kwa kamba ya mgomba, akazunguka nacho mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa darasa langu, maana nilikuwa mropokaji. Nikafaulu hata hivyo, nikapelekwa sekondari mbali na kwetu. Huko nilikuwa nikinyoosha mkono kujibu, darasa zima linageuka kunisikiliza, si kwa sababu ya jibu, bali kwa namna nilivyolisema. Kuna mwalimu alikuwa ananiinua makusudi ili wenzangu waburudike. Nikaacha kunyoosha mkono. Kidato cha pili nikarudi nyumbani, nikamwambia baba yangu kwamba tumbo linaniuma. Lilikuwa haliumi. Sikurudi tena shule, na hakuna mtu aliyeniuliza kwa nini kwa namna ambayo ningeweza kujibu.

Ulipozaliwa nikaapa kwamba wewe hutachekwa. Kiapo hakikuwa kibaya. Namna nilivyokitekeleza ndiyo iliyokuwa mbaya.

Miaka yako ya mwanzo mama yako na bibi yako walinipuuza. Nilitoa amri nikaenda zangu kwenye semina, na nikirudi nakuta unasema Kinyambo kama mwanamke mzima. Ulikuwa na miaka mitano siku ile ninayotaka kukuambia. Sijui kama unaikumbuka. Alikuja mchungaji mgeni kutoka mbali, nikamkaribisha hapa nyumbani. Bibi yako alileta kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile punje alizokuwa anachemsha na kuanika, akampa mgeni kama inavyopasa. Wewe ulikuwa umekaa kwenye majani pale mlango wa jikoni, ukimsaidia kumenya ndizi, na ukaanza kumsimulia mgeni habari ya mbuzi aliyekula kitabu cha nyimbo cha babu. Uliisimulia yote kwa Kinyambo, kwa mikono na kwa macho, na sauti ya mbuzi ukaitoa. Ilikuwa hadithi nzuri. Ulikuwa unaisimulia kama ninavyosimulia mimi. Mgeni hakuelewa hata neno, akacheka kwa adabu, akaniuliza, "Kumbe mwinjilisti, huyu wako Kiswahili bado?"

Bado! Nilisikia darasa zima la sekondari likigeuka kunitazama.

Mgeni alipoondoka nikachukua punje moja kutoka kwenye kikapu cha bibi yako, nikaiweka chini ya ulimi wako. Nikakuambia usiitafune wala usiiteme mpaka uweze kuniambia hadithi ile ya mbuzi kwa Kiswahili. Uliishika hadi maharage yakaiva. Mate meusi yalikuwa yanakutoka pembeni mwa mdomo, na hukulia, ulinitazama tu. Bibi yako akaniambia, "Kahawa tunampa mtu tunayemkaribisha." Mimi nikamjibu kwamba namsaidia mtoto.

Na sikuishia siku ile. Kila ulipoteleza, punje moja. Bibi yako akaficha kikapu, nikanunua kahawa yangu. Baada ya miezi michache ulikuwa hutelezi tena, na mimi nikawaambia wazazi wenzangu kanisani kwamba njia ni hiyo, wajaribu. Wawili walijaribu. Halafu nikakupeleka shule ya bweni kule Kihanga, ukawa unarudi likizo ukiwa msichana wa Kiswahili na Kiingereza, mpole, unaongea kidogo kidogo, unafikiri kabla ya kila neno. Walimu waliniambia una nidhamu. Mpaka leo ukikaribishwa kahawa mahali unaikataa kwa kutikisa kichwa, na watu wananiambia mtoto wako anajiona. Nawaacha waseme hivyo, na hilo pia linanikosesha raha.

Sasa sikiliza kuhusu bibi yako, maana hili sidhani kama ulilijua.

Alipoona mjukuu wake hamjibu tena kwa Kinyambo, hakugombana na mimi. Alianza kujifunza Kiswahili. Uzeeni, na magoti yale! Alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kukataa bei. Akawa anawasimamisha watoto wanaotoka kuchota maji, anawauliza: hiki mnakiitaje, na hiki je. Nilimsikia mara nyingi kibanjani, kati ya migomba, akijisemesha mwenyewe huku akipunguza majani: "Mjukuu, karibu. Mjukuu, wewe kula. Mjukuu, shule nzuri?" Likizo ikikaribia alikuwa anakazana kama mtu mwenye mtihani. Wewe ulipofika, aliyasema yote matatu mlangoni kwa mfululizo bila kupumua, na wewe ulimjibu, "Ahsante bibi, shikamoo," mkabaki mnatazamana mkitabasamu, maneno yamekwisha. Mimi nilipita hapo na beseni nikafurahi kwamba nyumba yangu imeendelea.

Mwaka ulipokuwa darasa la saba akapata kiharusi. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalala. Baada ya siku chache maneno yakaanza kumrudia, lakini yakarudi ya Kinyambo peke yake. Kile Kiswahili alichokiokota kwa watoto wa maji, chote kilikuwa kimekwenda. Nilimuuliza tabibu wa zahanati, akaniambia hutokea, mara nyingine inabaki lugha ya utotoni na mara nyingine inabaki ile nyingine, wala hawezi kusema kwa nini. Alimuuliza bibi yako kwa Kiswahili, "Bibi, unaumwa wapi?" na yeye akamtazama kwa heshima kama anavyotazamwa mgeni.

Nikaja kukuchukua shuleni kwa ruhusa ya siku mbili. Tulipofika, mama yako alikuwa amekwenda kuchota maji, tukaingia chumbani mimi na wewe. Ukapiga goti ukasema, "Shikamoo bibi." Akakushika mkono kwa ule wa kushoto. Akasema neno kwa Kinyambo, taratibu, kwa ule mdomo ulioharibika. Akasubiri. Akasema tena. Wewe ukafungua mdomo, ukaufunga. Nilikuwa nakutazama usoni, Kemilembe. Niliona ulimi wako ukisukuma kitu pembeni ya shavu, na mdomoni mwako hamkuwa na kitu.

Ukanigeukia. "Baba, bibi anasema nini?"

Alikuwa amesema: "Nimemkosea nini mtoto huyu hata hanijibu?" Na mara ya pili alinisemesha mimi: "Mwambie aseme neno lolote. Hata la Kiswahili. Nisikie sauti tu."

Mimi nikakuambia, "Anasema usome kwa bidii."

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, tena kwa sauti ile ile ninayotafsiria mahubiri. Kama ningekuambia ukweli, ungeniuliza ni kwa nini bibi anadhani amekukosea, na ningelazimika kujibu. Nilikuwa mwoga. Sina neno zuri zaidi la kujisitiri nalo, si kwa Kiswahili wala kwa Kinyambo.

Ukaanza kulia. Ukasema, na nayakumbuka maneno yako yote, "Mwambie nitasoma. Mwambie apone, likizo nilale naye kitanda kimoja kama zamani, anikune mgongo." Ukanitazama nimfikishie. Hapo nilikuwa na nafasi ya pili. Ningeweza kumpa maneno yako tu kama yalivyo, yangetosha kabisa. Lakini yangefika kwake hayahusiani na swali lake, angeniuliza mbona mtoto anasema habari ya kusoma, na mimi nilikuwa nimeshasimama katikati ya uongo na mguu hauna pa kurudi. Nikamwambia kwa Kinyambo, "Anasema amechoka, safari ilikuwa ndefu."

Akasema, "Basi akalale." Akakuachia mkono, akageukia ukutani.

Wewe ulidhani ni yeye aliyechoka. Ukatoka kwa kunyata ili usimsumbue. Kesho yake nilikurudisha shule, na siku ya tatu akafariki. Ulirudi ukakuta tumeshamzika pale nyuma ya nyumba. Ukaandika kwenye jalada la daftari lako, "Usome kwa bidii: bibi." Nililiona daftari hilo mezani. Nimeliona kila likizo, daftari linabadilika na maneno yanahamishiwa kwenye jipya.

Ni miaka sita sasa, na nimetafuta kila namna ya kujifariji. Nimejiambia kwamba uongo wenyewe ulikuwa na faida, tazama mtoto alivyofaulu. Nimejiambia mama alikuwa mgonjwa, hakujua anachosema. Alijua. Nimekwenda kaburini kwake zaidi ya mara moja nikamwambia kwa Kinyambo yale uliyomwambia, habari ya likizo, ya kitanda na ya mgongo. Nimemwambia neno kwa neno, bila kupunguza. Sijapata nafuu hata kidogo.

Kitu kimoja nimeogopa kukuuliza miaka yote hii: siku ile ulielewa kiasi gani? Ulisema Kinyambo mpaka ukiwa na miaka mitano. Nimewahi kukuona ukitabasamu kabla sijamaliza kutafsiri kichekesho cha wazee. Labda ulisikia "nimemkosea nini" na ukaamua kuniamini mimi. Kama ni hivyo, basi nilikufanyia ubaya kuliko nilivyojua, na wewe umenibebea siri yangu ukiwa mtoto. Huna haja ya kunijibu.

Unakwenda Mwanza kusomea uuguzi. Sina la kukufundisha kuhusu uuguzi, ila nina hili la kukuomba, na naliomba kama mtu aliyefanya kosa lenyewe. Ipo siku watakuletea mzee ambaye Kiswahili kimemtoka. Atakuwa amekuja na mwanawe wa kutafsiri, mtu mzima, amevaa vizuri, anaongea vizuri. Msikilize huyo mwana, lakini mtazame mzee. Akisema maneno mengi ukaletewa machache, uliza tena. Ukiletewa maneno mazuri mno, uliza tena. Na kama hakuna wa kutafsiri kabisa, usitoke chumbani kwa kunyata. Sema chochote, kwa lugha uliyo nayo. Sauti inatosha zaidi ya nilivyokuwa nadhani.

Na wewe mwenyewe, ulimi ukikukwama mbele ya watu, usijilazimishe kama nilivyokuwa nakulazimisha. Subiri. Wakicheka, wacheke. Mimi Jumapili nimechekwa na kanisa zima, kitu nilichokikimbia tangu kidato cha pili, na niliporudi nyumbani ng'ombe alitaka majani kama kawaida. Nilikuwa nimekutesa ili nikuepushe na jambo ambalo mtu analimaliza kwa kwenda kukata majani.

Mama yako hajui habari ya kitandani kwa bibi. Ya kahawa anaijua, na hajanisamehe, nami sijamwomba. Leo nitamwambia yote mkirudi, kabla hajavua viatu.

Kwanza niliwaza kuificha barua hii ndani ya sanduku lako, chini kabisa, uikute ukishafika chuoni. Nikafurahia wazo hilo kwa dakika kama kumi. Halafu nikaona ni ujanja ule ule wangu, wa kusubiri mtu aende mbali ndipo aambiwe. Kwa hiyo utaikuta juu ya kitanda chako leo hii, basi likiwa bado halijaja. Najua nakuharibia jioni yako ya mwisho nyumbani. Lakini ulisema mbele ya kanisa kwamba unakwenda kwa sababu ya neno la bibi, na neno hilo halipo. Kama unataka kwenda, nenda kwa sababu unataka wewe. Kama ulikuwa unakwenda kwa ajili yake tu, sanduku linaweza kufunguliwa, na nitakuwa wa kwanza kuwaambia watu kwamba kosa ni langu. Kama utakwenda bila kuniaga, nitaelewa pia, ingawa nitaumia.

Kuna karatasi moja zaidi nyuma ya hii. Humo nimeandika maneno ya bibi yako kwa Kinyambo, kama alivyoyasema, na chini yake nimeandika yale niliyomjibu kwa niaba yako. Imenichukua muda kuliko barua yote, kwa sababu mimi Kinyambo nimekisema maisha yangu yote na sijawahi kukiandika. Maana yake nimeshakupa hapo juu, lakini huna sababu ya kuniamini. Mpe mama yako akusomee, au muulize mama yeyote wa kwetu atakayekaa karibu nawe kwenye basi kesho. Mpaka mfike Omurushaka atakuwa amekuambia kila neno. Muulize yeyote unayemtaka, mwanangu, ila usiniulize mimi. Mimi nilishakutafsiria.

Baba yako